Entebbe au Fort Portal: ulinganisho kwa mstaafu mgeni anayezifikiria dhoruba za Uganda

Mtu aliyestaafu utumishi katika shirika la kimataifa, au aliyemaliza kazi Nairobi, Bujumbura, Dar es Salaam au Ulaya kisha akaamua kuuishi uzee wake Uganda, kwa kawaida huwa amekwisha kupiga hesabu ya kodi ya nyumba, bei ya chakula na umbali wa uwanja wa ndege, lakini suala la hali ya hewa huwa amelimaliza kwa sentensi moja: Uganda ni nchi ya joto la wastani mwaka mzima. Sentensi hiyo ni ya kweli, nayo ndiyo inayowaponza wengi, kwa sababu joto la wastani halimaanishi utulivu wa anga. Ni kweli pia kwamba vimbunga vya baharini havifiki hapa. Nchi inapitiwa na ikweta, ambako ile nguvu ya mzunguko wa dunia inayozipa pepo mviringo wake hudhoofika hadi kutoweka, na bahari yenyewe iko mbali. Hata hivyo ngurumo za radi ni nyingi kiasi kwamba mji wa Tororo, ulio mashariki karibu na mpaka wa Kenya, uliingia katika vitabu vya rekodi kwa kuwa na wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka kati ya 1967 na 1976. Mstaafu anayekuja kutafuta amani anapaswa kuijua hali hiyo kabla ya kutia saini mkataba wa nyumba.

Ninazilinganisha Entebbe na Fort Portal kwa sababu miji hii miwili huwavutia wageni wa umri mkubwa kwa mambo tofauti, na dhoruba zake hazifanani. Entebbe iko kwenye rasi iliyochomoza ndani ya Ziwa Victoria, katika kimo cha mita 1,180 hivi juu ya usawa wa bahari. Hapo ndipo ulipo uwanja mkuu wa ndege, kituo cha Umoja wa Mataifa kinachohudumia ofisi zake za kanda, na wakala wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unaoshughulikia usalama wa usafiri wa anga, kwa hiyo wako waliofanya kazi hapo, wakazoea, wakabaki. Fort Portal iko magharibi, katika kimo cha mita 1,500 na ushei, chini ya Milima ya Rwenzori, kati ya mashamba ya chai na maziwa madogo yaliyojaa katika mashimo ya volkano za kale. Anayeipenda huipenda kwa ubaridi wake na utulivu wake. Miji yote miwili hupata mvua nyingi kuliko Nairobi, na yote ina misimu miwili mikuu ya mvua, wa Machi hadi Mei na wa Septemba hadi Novemba au mwanzoni mwa Desemba. Tofauti iko katika saa ambayo dhoruba hufika, namna inavyopiga, na kile inachokiacha nyuma yake.

Saa ndilo jambo ambalo wageni hulidharau zaidi. Usiku nchi kavu hupoa upesi ilhali maji ya Ziwa Victoria hubaki na joto lake, kwa hiyo upepo huvuma kutoka pande zote za pwani kuelekea ziwani, hukutana huko, hewa hupanda, na mawingu mazito ya radi hujengeka juu ya maji wakati watu wamelala. Kisha pepo za mashariki huyasukuma mawingu hayo kuelekea magharibi na kaskazini-magharibi, ndiyo maana Visiwa vya Ssese, vilivyo ndani ya ziwa hilo, na rasi ya Entebbe hupigwa mara nyingi kabla ya mapambazuko au asubuhi na mapema. Fort Portal mambo huenda kinyume: asubuhi huwa nyeupe, jua hupasha joto miteremko ya Rwenzori, hewa hupanda mlimani, na kufikia saa nane au saa tisa alasiri wingu lililokuwa dogo huwa limekuwa dhoruba kamili inayoteremka juu ya mji.

Kwa kijana tofauti hiyo ni jambo dogo. Kwa mtu wa miaka 70 ni jambo kubwa, na ningependa msomaji alitafakari bila haraka. Dhoruba ya saa kumi za usiku humkuta mzee kitandani, umeme ukiwa umekatika, naye huamka gizani kufunga madirisha kwenye sakafu ya vigae iliyokwisha kulowa. Kuanguka ndani ya nyumba ni hatari ya karibu zaidi kwa mzee kuliko radi yenyewe, na nyonga iliyovunjika saa hiyo ni msiba unaobadilisha maisha. Dhoruba ya alasiri humkuta akiwa macho na nuru ya mchana ipo, lakini humkuta pia nje: bustanini, sokoni, au juu ya bodaboda katika barabara ya vumbi inayogeuka tope kwa dakika chache. Anayeishi Entebbe aifanye nyumba yake salama kwa usiku, yaani taa ndogo za betri kwenye kila njia ya kupita, madirisha yanayofungika bila kupanda juu ya kitu, na mazulia yenye mshiko. Anayeishi Fort Portal ajizoeze kumaliza shughuli zake zote za nje kabla ya saa saba mchana katika miezi ya mvua; ni nidhamu rahisi, na inatosha.

Kuhusu radi, sioni mji wa kuupa nafuu. Yote iko katika ukanda unaopigwa sana, na Uganda imeshuhudia misiba ya kutosha: tarehe 2 Novemba 2024 radi iliua watu 14 katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, wilayani Lamwo, walipokuwa wamekusanyika kwa ibada. Kibanda cha mabati kisicho na kuta kamili wala waya wa kupeleka umeme ardhini hakimkingi mtu, wala mti mkubwa haumkingi. Nyumba ya kudumu iliyojengwa vizuri hukinga kwa kiasi kikubwa, mradi mkaazi asioge wala kushika vyombo vilivyochomekwa kwenye soketi dhoruba inapokuwa juu yake. Kanuni inayofaa kukaririwa ni hii: ukihesabu sekunde kati ya mwako na ngurumo na zikawa chini ya 30, ingia ndani, na usitoke hadi dakika 30 zipite baada ya ngurumo ya mwisho. Mstaafu anayependa kuvua samaki au kupiga makasia Entebbe ana sababu ya pekee ya kuishika kanuni hiyo, kwa kuwa juu ya maji hakuna kitu kirefu kumzidi yeye.

Mvua ya mawe ni habari ya Fort Portal zaidi. Kimo kinapoongezeka, tabaka la hewa lenye baridi ya kugandisha huwa karibu zaidi na ardhi, hivyo barafu inayoundwa ndani ya wingu haipati muda wa kuyeyuka kabla ya kutua. Wakulima wa chai wanaijua hasara hiyo kwa majani yaliyochanwa. Mwenye nyumba ataijua kwa vigae vilivyopasuka, paneli za sola zilizopata nyufa na kioo cha gari kilichovunjika. Kwa sababu hiyo ningemshauri anayejenga huko atumie mabati mazito badala ya vigae vya udongo, ingawa vigae ni vizuri zaidi kwa macho na hupunguza kelele. Mvua ya mawe juu ya mabati yasiyo na dari nene hutoa kishindo kinachoweza kumtia hofu mtu mwenye moyo dhaifu au mwenye kifaa cha kusaidia kusikia, kwa hiyo fedha iliyookolewa kwenye vigae iwekwe kwenye dari.

Tukija kwenye maji, kila mji una adui wake. Mwishoni mwa 2019 upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ulipata joto kuliko kawaida ukilinganishwa na upande wa Indonesia, hali ambayo husukuma unyevu mwingi kuelekea Afrika Mashariki, na mvua zikanyesha mfululizo. Hata msimu wa Machi hadi Mei ulipofika, ardhi ilikuwa bado imeshiba. Mei 2020 kipimo cha kimo cha maji ya Ziwa Victoria, kilichoko mji wa Jinja, kilisoma mita 13.42, kikiivuka kidogo rekodi ya mita 13.41 iliyowekwa Mei 1964. Tofauti ya sentimita moja inaonekana ndogo, lakini katika zile nyakati mbili pwani ya ziwa haikuwa ile ile: kati yake hoteli, bustani za ufukweni na nyumba zilikuwa zimejengwa mahali ambapo ziwa liliwahi kufika. Lilirudi kuchukua nafasi yake. Huko Entebbe maeneo ya chini ya ufukweni yalijaa maji, na maji hayo hayakuondoka kesho yake kama ya mafuriko ya mto, yalikaa miezi.

Hapo ndipo sheria na busara zinapokubaliana. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinalinda ukanda wa mita 200 kutoka ukingo wa maziwa makubwa, likiwamo Victoria, na bado yupo dalali atakayemwonyesha mgeni kiwanja kinachogusa maji na kumwambia kwamba kila kitu kiko sawa. Nasema bila kusita: mstaafu asinunue haki yoyote katika ukanda huo, hata bei ikiwa ya kuvutia, hata majirani wakiwa wamejenga. Mandhari ya ziwa yanapatikana pia kutoka mlimani, na Entebbe ina vilima vya kutosha.

Mwezi ule ule wa Mei 2020 magharibi nako kulikuwa na kilio. Mto Nyamwamba, unaoshuka kutoka Rwenzori kupitia Kilembe hadi Kasese, ulifurika na kuharibu hospitali ya Kilembe pamoja na makazi ya watu, kama ulivyokuwa umefurika Mei 2013. Kasese haiko mbali na Fort Portal, na mgeni anaweza kuvutwa na bei nafuu za huko au na mandhari ya bonde. Fort Portal yenyewe imekaa juu ya ardhi ya vilima na inaukwepa msiba wa aina hiyo kwa sehemu kubwa, ila kando ya Mto Mpanga unaopita mjini hapafai kwa nyumba ya mzee. Maji ya mto wa milimani huja kwa kasi na hayatoi notisi, tofauti na ziwa linalopanda polepole hadi mtu apate wiki kadhaa za kuhamisha vitu vyake. Tukipima hatari kwa uhai, mto ni mbaya zaidi. Tukipima hasara ya mali, ziwa ni baya zaidi kwa sababu huitafuna nyumba kwa muda mrefu.

Kuna wanaoniambia kwamba mandhari ya Sipi na miteremko ya Mlima Elgon, huko mashariki, yanaishinda miji yote hii kwa uzuri. Yanaishinda. Lakini wilaya ya Bududa, kwenye miteremko hiyo, ilikumbwa na maporomoko ya udongo Machi 2010 na tena Oktoba 2018, jirani yake Bulambuli Novemba 2024, na mji wa Mbale ulio chini ya mlima huo ulikumbwa na mafuriko yaliyoua watu usiku wa tarehe 30 Julai 2022, mwezi ambao mgeni angeuhesabu kuwa nje ya misimu mikuu ya mvua. Mzee asiyeweza kukimbia hana sababu ya kuishi kwenye mteremko wenye historia hiyo, hivyo Elgon sikuiweka katika ulinganisho huu.

Umeme unastahili kupimwa sambamba na dawa. Dhoruba huangusha nguzo na matawi juu ya nyaya kila mahali, na shirika la umma lililochukua usambazaji kutoka kwa mkandarasi binafsi baada ya tarehe 31 Machi 2025 limerithi nguzo zile zile na miti ile ile. Wapo watakaokumbuka Aprili 2020, kisiwa kinachoelea cha majani na udongo kilipong'oka ziwani na kuziba mitambo ya Nalubaale, bwawa la kuzalisha umeme kule Jinja, nchi nzima ikakosa umeme. Hilo lilikuwa tukio la pekee, lakini linaonyesha jinsi ziwa na taa ya nyumbani vilivyofungamana. Entebbe, kwa kuwa na uwanja wa ndege na taasisi kubwa, naiona kuwa na nafasi nzuri zaidi ya kurekebishiwa laini mapema. Fort Portal, hasa nje ya mji kwenye maziwa ya volkano, mtu ahesabu kwamba atajitegemea.

Kujitegemea huko kunategemea ugonjwa alionao mtu. Anayetumia insulini asiogope sana: chupa iliyofunguliwa kwa kawaida huhimili takriban siku 28 katika joto la chumba lisilozidi nyuzi 25 hadi 30, kulingana na aina yake, na joto la ndani ya nyumba Fort Portal ni la chini hata kuliko la Entebbe. Akiba isiyofunguliwa ndiyo inayohitaji friji, na friji iliyojaa isiyofunguliwa ovyo hushikilia ubaridi kwa saa kadhaa. Anayetegemea mashine ya oksijeni au ya kusaidia kupumua usiku yuko katika hali nyingine kabisa. Huyo anahitaji betri na inveta zenye uwezo wa kuibeba mashine yake usiku mzima, mtungi wa akiba, na nyumba iliyo karibu na hospitali. Kwa mtu huyo Fort Portal haifai, na singetaka ashawishiwe na mtu yeyote kwamba inafaa.

Hospitali ndiyo inayonifanya niipendelee Entebbe kwa wengi. Fort Portal ina hospitali ya rufaa ya mkoa ya Buhinga na ile ya Virika, na kwa magonjwa ya kawaida, malaria au mkono uliovunjika, mgonjwa atahudumiwa. Lakini taasisi ya taifa ya moyo iko Mulago, Kampala, na hospitali kubwa za binafsi ziko Kampala pia, umbali wa kilomita 300 hivi kupitia Mubende na Mityana, safari ya saa nne au tano barabara ikiwa kavu na wazi. Entebbe ina hospitali yake ya rufaa, na hadi Kampala ni kilomita 40 hivi, kwa barabara ya kasi ya kulipia iliyofunguliwa 2018 au kwa barabara ya zamani ile ya kwanza ikifungwa. Kuwa na njia mbili ni faida ambayo haionekani hadi siku njia moja inapokatika. Mei 2023 maji ya Mto Katonga yalikata barabara kuu ya Kampala–Masaka, na magari ya kwenda kusini-magharibi yakalazimika kuzunguka mbali. Anayefikiria Kabale na Ziwa Bunyonyi, ambako ni mbali zaidi ya Fort Portal na baridi ya usiku ni kali zaidi, aliweke tukio hilo mbele ya macho yake.

Jinja ni chaguo la katikati ambalo halipewi heshima inayostahili. Iko kando ya ziwa hilo hilo, lakini kwa kuwa pepo za mashariki huyasukuma mawingu ya usiku kwenda upande wa pili, haipigwi na dhoruba za alfajiri kwa kiwango cha Entebbe, nayo iko chini ya Fort Portal kiasi cha kuipunguzia mvua ya mawe. Barabara zake ni pana na tambarare, jambo zuri kwa anayetembea na mkongojo. Kasoro yake ni barabara ya kilomita 80 hivi hadi Kampala, inayopita msitu wa Mabira pamoja na malori ya kwenda na kutoka Kenya, ambayo usiku wa mvua haimfai mgonjwa wala dereva wake.

Basi anayekuja akiwa na ugonjwa wa moyo, wa figo au wa mapafu achague Entebbe, juu ya kilima, mbali na ufukwe, na akubali kuamshwa na ngurumo. Wanandoa wenye afya njema katika miaka yao ya 60, wanaopenda bustani na wanaoweza kuendesha gari, wataishi vizuri zaidi Fort Portal kwa miaka kumi au zaidi, mradi wakubali mapema kwamba huenda siku moja wakahamia karibu na Kampala, na kwa hiyo wasizike fedha zao zote katika nyumba ya huko. Asiye na hakika apange kwanza, akae katika msimu wote wa Machi hadi Mei na ule wa Septemba hadi Novemba, ndipo aamue.

Kupanga kwanza kunakubaliana pia na sheria ya ardhi. Asiye raia wa Uganda, hata akiwa Mkenya au Mtanzania, hawezi kumiliki ardhi moja kwa moja. Anaruhusiwa kuikodi kwa muda usiozidi miaka 99. Katika mkataba wowote, wa nyumba au wa ardhi, iandikwe wazi ni nani atakayelipia paa likiezuliwa na upepo, ni nani atakayekata mkaratusi unaoinamia nyumba kutoka kiwanja cha jirani, na mpangaji atakaa wapi wakati matengenezo yakiendelea. Kabla ya kutia saini, fundi apande darini aone kama kenchi zimefungwa kwenye kuta kwa chuma au zimekaa tu juu ya matofali, na kama waya wa kupeleka radi ardhini, pale ulipo, bado umeunganishwa. Mwenye nyumba anayekataa fundi asipande amekwisha kutoa jibu lake.